Shokwevu kwa miguu ya lipedema: hatua kwa hatua, usije ukaumia ukapoteza na hela

Dada zangu, naandika hii kwa sababu karibu kila wiki kuna mtu ananiuliza kuhusu ile mashine ya kugonga miguu niliyofanyiwa huku Ujerumani, kama kweli inapunguza mapaja, na jibu langu kila mara linakuwa refu kuliko mtu alivyotegemea, kwaiyo leo naliweka lote hapa. Mi ni mtoto wa Tanga, nina lipedema, yaani ugonjwa wa mafuta kujikusanya vibaya chini ya ngozi, miguu yote miwili na mikono kidogo huku juu, na jina la ugonjwa nimelijua nikiwa na miaka 34 wakati miguu ilianza kujaa tangu nilipovunja ungo. Miaka yote hiyo katikati nilikuwa naambiwa tu punguza ugali.

Jibu fupi kwanza. Shokwevu, yaani tiba ya mawimbi ya mshtuko, haiyeyushi mafuta ya lipedema. Inachoweza kusaidia ni maumivu na ule ugumu ugumu chini ya ngozi, na hata hapo sio kwa kila mtu. Ukienda unatafuta paja jembamba utarudi nyumbani unalia. Ukienda kwa sababu miguu inawaka usiku na mwanao akikukalia mapajani unataka kupiga kelele, hapo tunaweza kuongea.

Hatua ya 1: Hakikisha ni lipedema kweli

Hapa nitakaa sana maana ukikosea hapa kila kinachofuata ni bure, na kwetu pwani kukosea ni rahisi mno. Mtu akiona mguu umejaa neno la kwanza ni matende. Marehemu shangazi yangu aliitwa mwenye matende mpaka anazikwa, na mi nikiikumbuka miguu yake leo, nyayo nyembamba kabisa, vidole vimenyooka vizuri, afu ukipanda juu ya kifundo nyama inaanza ghafla kama mtu kamvalisha bangili, kulia sawa na kushoto, na ukimgusa tu anashtuka, naamini kabisa yale hayakuwa matende.

Tofauti ni hizi. Matende yanaletwa na minyoo wanaobebwa na mbu, na mara nyingi mguu mmoja unazidi mwingine, wayo wenyewe unavimba, ngozi inakuwa nene na kukakamaa, na mtu anapata vipindi vya homa na mguu kuuma moto. Kuna kipimo cha damu cha kuangalia hao minyoo, na kama umekulia Tanga, Lindi, Mtwara, Kilifi, Kwale au Lamu usione aibu kukiomba, kifanyike, ila kama mguu umevimba miaka mingi kinaweza kisionyeshe kitu hata kama ni matende. Lipedema yenyewe haina mnyoo. Ni mafuta yanayojikusanya vibaya, karibu wote wanaoipata ni wanawake, miguu yote miwili inafanana, wayo unabaki mzima, kiuno kinaweza kuwa chembamba kabisa huku chini ukawa mtu mwingine. Ukibanwa kidogo unaumia, damu inavilia hata hukumbuki ulijigonga wapi, na ukijinyima kula uso na matiti vinaisha ila miguu iko palepale. Mara nyingi inaanza wakati wa kuvunja ungo, au baada ya mimba, au hedhi inapoelekea kukata, na ukiuliza kwenye ukoo unakuta mama au bibi alikuwa na miguu hiyohiyo. Madaktari wawili wa kliniki ya Mayo kule Marekani, Allen na Hines, waliielezea tangu 1940, kwaiyo sio kitu kipya cha mitandaoni, ni vile tu hakikufundishwa sana.

Jaribu hili nyumbani: bana ngozi ya juu ya kidole cha pili cha mguu, pale kinapoanzia, ujaribu kuiinua. Ikiinuka vizuri, hiyo inaelekea lipedema. Isipoinuka kabisa, imekaza kama ngozi ya ngoma, hapo kuna maji ya limfu, yale maji ya mwili yenye mishipa yake mbali na ya damu, yamekwama na safari yako ni tofauti kidogo. Ila hiki ni kidokezo tu, daktari lazima akushike na akusikilize, maana hakuna kipimo cha damu wala picha inayosema moja kwa moja hii ni lipedema. Muombe pia altrasaundi ya mishipa ya miguu, nitakwambia kwanini kwenye hatua ya 3.

Na tafadhali, mguu mmoja ukivimba ghafla, ukawa wa moto, shavu la mguu linauma, usisome tena mwongozo wangu, nenda hospitali sikuhiyohiyo, huo unaweza kuwa mgando wa damu. Vilevile miguu ikivimba pamoja na kukosa pumzi, huo ni moyo au figo mpaka daktari aseme sio.

Hatua ya 2: Jua mashine inafanya nini

Haya mawimbi yalianza kwa mawe ya figo. Mgonjwa wa kwanza alitibiwa Munich tarehe 7 Februari 1980, jiwe likapasuliwa ndani ya mwili bila kisu. Baadae watu wa mifupa wakayachukua kwa nguvu ndogo, kwa visigino vinavyouma, mabega, viwiko. Ndo maana hata Nairobi na Dar ukiikuta hii mashine utaikuta kwa watu wa fizio, na wagonjwa wake wengi ni wa visigino.

Mashine ziko aina mbili na lazima ujue unapigwa na ipi. Kuna ya kusambaa, ndani ya mshikio wake hewa yenye presha inarusha kirisasi kidogo kinagonga kichwa cha chuma, kinagonga ngozi, tatatatata, nguvu inakuwa kubwa juujuu na inapungua kadri inavyoingia. Na kuna ya kulenga, hiyo nguvu yake inakutana ndani zaidi sehemu moja. Kwa mafuta ya chini ya ngozi wengi wanatumia ya kusambaa, wengine wanachanganya zote mbili.

Inavyodhaniwa ni kwamba mapigo yanalegeza zile nyuzi ngumu zinazojifunga kwenye mafuta, damu inazunguka vizuri zaidi, na mishipa ya fahamu inatulia kidogo. Ushahidi upo ila ni mdogo, na nataka ulijue hili kabla hujatoa hata senti. Utafiti unaotajwa sana ni wa 2005, Siems na wenzake, wanawake 26 tu, na humohumo wamechanganywa wenye lipedema na wenye selulaiti, yaani ngozi ya paja kuwa na vishimo vishimo, na hivyo ni vitu viwili tofauti. Waliona ngozi inalainika, na alama fulani kwenye damu zinazoonyesha seli zinaumizwa zinashuka baada ya mawimbi na baada ya masaji ya limfu na vitambaa vya kubana. Mtu akikwambia mashine peke yake inamaliza lipedema, anakuuzia kitu ambacho hata huo utafiti haukukisema.

Hatua ya 3: Angalia kama unaruhusiwa

Usifanyiwe kama una mimba, au kama una mgando wa damu kwenye mguu, na hii ndo sababu ya ile altrasaundi. Usifanyiwe kama unatumia dawa za kulainisha damu au una ugonjwa wa damu kutoganda, kama kuna saratani au uvimbe usioeleweka sehemu itakayogongwa, kama ngozi ina kidonda, jipu au maambukizi. Kama umechomwa sindano ya steroidi eneo hilo karibuni, subiri, wengi wanataka wiki 6 zipite. Mwenye kifaa cha moyo amuulize kwanza daktari wake wa moyo. Na mwenye kisukari ambaye miguu ina ganzi aseme mapema, kwa sababu ulinzi wako mkubwa kwenye hii tiba ni wewe kusikia maumivu na kusema basi, sasa kama husikii nani atasema?

Sindano ya uzazi wa mpango, vidonge vyake, presha ya kawaida, hivyo havizuii lakini vitaje vyote.

Hatua ya 4: Mpigie simu mtoa huduma, muulize kabla ya kwenda

Muulize hivi, kwa adabu lakini usiruke hata moja: Wewe ni mtu wa fizio au daktari? Umeshatibu wangapi wenye lipedema, sio selulaiti, lipedema? Mashine ni ya kusambaa au ya kulenga? Raundi ngapi na bei ya zote ni ngapi, sio bei ya moja? Tukifika katikati hamna mabadiliko, naweza kuacha bila kulipia zilizobaki?

Kwa lipedema hakuna utaratibu mmoja uliokubalika, ila mara nyingi utasikia raundi 6 mpaka 8, mara 1 au 2 kwa wiki. Akikwambia lipa 20 sasahivi upate punguzo, shukuru, kata simu. Na saluni za urembo zinazotangaza kuondoa selulaiti kwa mashine hiyohiyo, mi nasema hapana kwa sisi, kwa sababu mguu wa lipedema unavilia damu kirahisi na anayekugonga lazima ajue hilo.

Kwa mlioko Ujerumani kama mimi: bima ya umma tangu 2019 inalipia shokwevu kwa maumivu ya kisigino, kwa lipedema hailipii, unatoa mfukoni. Wanacholipia daktari akiandika ni soksi za kubana za vipimo vyako na masaji ya limfu. Kwaiyo usikubali kuanza na kile unacholipia mwenyewe wakati cha bima hujakichukua, anza na soksi, shokwevu ije juu yake.

Hatua ya 5: Pima kabla hujaguswa

Hii inachukua dakika kumi na ndo itakayokuokoa. Nunua daftari. Asubuhi, kabla ya kula, andika maumivu kwa namba 0 mpaka 10, ukiwa umekaa, ukiwa umesimama, na ukibanwa paja kwa vidole viwili. Chukua tepu ya fundi cherehani, pima sehemu nne kila mguu, na weka alama kwa kuhesabu sentimita kutoka sakafuni ili ukipima tena iwe palepale. Piga picha mbele, nyuma, pembeni, mwanga wa dirishani. Andika unaweza kupanda ngazi ngapi kabla hujasimama, na usiku unaamka mara ngapi.

Bila hili, utamsikiliza mtoa huduma anakwambia "umeona ilivyopungua" na wewe utaitikia kwa sababu umeshalipa.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Kula, kunywa maji, vaa bukta iliyolegea, usipake mafuta. Watakupaka jeli kama ya altrasaundi. Mwambie mhudumu aanze chini kabisa, kwenye mashine ya kusambaa presha inasomwa kwa baa, na kwa mguu wa lipedema kuanzia chini ya 2 sio uoga, ni akili. Anaongeza polepole kadri wewe unavyoruhusu. Sheria yangu ni maumivu yasizidi 5 kwenye ile 0 mpaka 10, yakizidi nainua mkono, anasimama. Mapigo ni maelfu kwa raundi moja, 2000 na zaidi kwa eneo ni kawaida, usishtuke ukiona namba inakimbia kwenye skrini.

Sehemu za kukwepa: nyuma ya goti, kinena, juu ya mfupa wa ugoko, na mishipa ya vena iliyotokeza. Ukiona kichwa cha mashine kinaelekea huko, sema.

Nasema hivi kwa sababu yalinikuta. Raundi ya tatu mhudumu wangu alikuwa likizo nikapewa mwingine, yule akapandisha presha toka mwanzo akiniambia vumilia dada, bila maumivu haifanyi kazi, na mimi nikavumilia kwa sababu nimelelewa kutombishia mtu wa hospitali. Nilitoka na damu imevilia mapaja yote mawili, wiki mbili soksi sizivai, na bila soksi miguu ikajaa zaidi ya nilivyoanza. Kuumia sana hakuongezi faida yoyote kwenye hii kitu. Wewe bisha.

Hatua ya 7: Baada ya raundi, hapa ndo kazi ilipo

Vaa soksi za kubana palepale kabla hujatoka, kama hujaumia. Zinazotufaa sisi ni zile nzito zenye mshono nyuma, zinazofumwa kwa vipimo vyako, wengi wanaanza daraja la 2 ambalo ni kama milimita 23 mpaka 32 za zebaki. Zile laini za dukani zinazojiviringisha zinakata nyama kwenye mkunjo na kuleta maumivu mapya. Vaa asubuhi kabla miguu haijajaa, tumia glavu za mpira za kuoshea vyombo, zinashika kitambaa vizuri kuliko vidole vitupu.

Najua mtu wa Mombasa au Dar ananiuliza joto je. Ni kweli, ni mateso. Ninaporudi nyumbani nazivaa asubuhi mpaka saa sita, nazinyunyizia maji kwa ile chupa ya kupigia pasi, jioni naenda Raskazone natembea ndani ya bahari maji yakiwa kiunoni mpaka kifuani, nusu saa, na dera langu, sijali. Maji yenyewe yanakubana, tena chini yanabana zaidi ya juu, vilevile kama soksi inavyotakiwa kufanya, afu misuli inasukuma, magoti hayabebi uzito. Nikitoka miguu ni myepesi mpaka usiku. Kama uko karibu na bahari, ziwa salama au bwawa, hiki kitu usikidharau, mi nakiweka sawa na mashine kabisa, na ni bure.

Siku ya raundi acha maji ya moto sana, sauna, na masaji ya nguvu. Yule bibi wa kukanda na mafuta ya nazi anayekukanda mpaka unalia, kwa lipedema hapana, hata siku nyingine, masaji ya limfu ni ya mkono mwepesi kama unampapasa mtoto. Maumivu yakija, paracetamol inatosha. Aspirini usijinunulie, inaongeza kuvilia, ila kama daktari amekuandikia kwa ajili ya moyo usiiache, ongea nae kabla hata ya kuanza raundi.

Jichunguze jioni na kesho yake. Kwa ngozi zetu nyeusi damu ikivilia haionekani ile bluu ya kwenye picha, inaonekana kama kivuli cheusi au zambarau iliyokolea, wakati mwingine hauoni kitu kabisa unahisi tu joto na donge, kwaiyo pitisha kiganja mguu wote polepole. Vidoa vidogo na uchungu kidogo siku moja mbili ni kawaida. Donge linalokua, ngozi inayozidi kuwa ya moto, homa, au shavu la mguu kuuma upande mmoja, hospitali.

Chakula sina mengi. Kujinyima hakuondoi lipedema, uzito ukizidi juu yake miguu inaelemewa zaidi, basi, kula vizuri na usijichukie.

Hatua ya 8: Amua kwa daftari

Baada ya raundi ya 4 fungua daftari. Kama maumivu hayajashuka hata namba 2 na usiku bado unaamka vilevile, acha, hela iliyobaki ikanunue soksi pea ya pili. Kama imeshuka, maliza 6, upumzike. Raundi ile ya michubuko usiihesabu.

Mimi: maumivu ya kubanwa yalikuwa 7, yakaja 4. Kuamka usiku mara tatu ikawa mara moja au hamna. Zile punje punje kama mchele chini ya ngozi ya paja bado zipo ila paja limelainika. Tepu haikusogea hata sentimita moja, miguu yote miwili, sehemu zote nne. Nilishalijua hilo kabla na bado siku ile nilikaa nayo mkononi muda mrefu.

Kitu kinachotoa mafuta yenyewe ni upasuaji wa kuyanyonya, na hapa Ujerumani bima ya umma ilianza kuulipia 2020 kwa walio stegi ya 3 tu, yaani ile kali zaidi, 2025 ukapitishwa uamuzi wa kuufungua kwa stegi zote kwa masharti, na sharti mojawapo ni uonyeshe umefanya tiba ya soksi na mazoezi mfululizo kwanza. Kwaiyo lile daftari usilitupe, tarehe zako zote za soksi, masaji na raundi ziko humo, siku ukihitaji kumuonyesha daktari huanzi upya.

Na mtu asikukatishe tamaa wiki ya kwanza baada ya kumaliza. Mwili unaendelea kujijenga baada ya mapigo, wiki nyingi tu, kwaiyo weka alamu kwenye simu wiki ya 12, amka, usile kwanza, chukua tepu ileile, simama dirisha lilelile, pima, andika.